Ukuta mubaya ku nyumba mpya: usikrepi mbele ya kuangalia

"Mama, usiogope. Tukimaliza kukrepi, hautaona kitu tena." Maneno haya, nani hajayasikia kwa shantie? Mwenye nyumba anasimama mbele ya ukuta wake mpya. Anaona matofali yamepindana, viungo vingine vinene kama vidole viwili, vingine vitupu ndani. Fundi anamutuliza na neno moja tu: krepi.

Ni kweli, hautaona kitu tena. Lakini ukuta utabaki vile ulivyo. Krepi ni nguo, haiponyeshi mgonjwa anayeivaa. Juu ya ile, ndugu msikilizaji, wewe unayejenga ao unayetaka kujenga, siku za maana kuliko zote kwa nyumba yako ni zile ukuta bado uko uchi. Siku hizo unaweza kuona, unaweza kuuliza, na unaweza kutengenesha kwa bei ndogo. Kiisha krepi, rangi na vyombo kuingia, kila kosa litakuomba feza mara nyingi zaidi.

Kwa nini tusicheze na ukuta

Sisi wa mashariki tunaishi mu bonde la ufa, pahali udongo unatikisika. Wakaaji wa Bukavu wanakumbuka siku ya yenga, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5,9 lilipopiga upande wa ziwa Kivu. Watu wa Kalemie wanakumbuka tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la 6,8 mu ziwa Tanganyika. Na Goma, kiisha volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, udongo ulitikisika siku nyingi, nyumba zikapasuka.

Mara nyingi si udongo unaoua mtu. Ni ukuta unaomwangukia. Na ukuta unaoanguka wa kwanza ni ule ambao matofali yake hayakushikana.

Hata bila tetemeko, mvua zetu zinatosha. Kwa milima ya Bukavu, udongo wa mfinyanzi unavimba wakati wa mvua na kurudi nyuma wakati wa jua. Nyumba iliyojengwa juu yake inavutwa huku na kule. Ukuta mzuri unavumilia. Ukuta mubaya unafunguka.

Angalia wewe mwenyewe: mambo saba

Hauhitaji kuwa injenieri. Uko na macho, mikono, musumari mmoja, uzi na jiwe. Fanya hivi mbele ya kulipa sehemu ya mwisho.

1. Viungo vya kusimama. Angalia ile mistari ya motie inayosimama katikati ya matofali. Kila mstari unapaswa kukutana na tofali juu yake, si na mstari mwingine. Ukiona mistari miwili, mitatu, mine inafuatana kutoka chini kwenda juu kama njia ya sisimizi, ujue matofali hayashikani pale. Ufa ukija, utapita palepale. Tofali la juu linapaswa kulala juu ya mawili ya chini, na kuyafunika angalau robo ya urefu wake.

2. Unene wa viungo. Kiungo kizuri kiko na senti 1 hadi senti 1 na nusu. Kikifika senti 3, fundi alikuwa anaficha matofali yasiyo sawa, ao alikuwa na haraka ya kupanda. Motie nene inajikunja wakati inakauka, na ukuta unashuka.

3. Nguvu ya motie. Kiisha wiki mbili ao tatu, kamata musumari, kwaruza kiungo. Ikiacha alama ndogo tu, ni vizuri. Musumari ukiingia na mchanga ukimwangika kama unga, simenti ilikuwa kidogo, ao motie ilikauka mbele ya kushika. Jaribu pahali kumi tofauti, chini, katikati na juu, kwa sababu motie ya asubuhi na ile ya saa kumi ya mangaribi si kila mara moja.

4. Viungo vitupu. Ingiza kijiti kyembamba ku viungo vya kusimama. Wamasoni wengi wanaweka motie chini ya tofali lakini ubavuni wanaacha hewa. Kwa nje wanapaka kidogo ili pafunikwe. Kijiti kikiingia senti 5, pale hakuna kitu.

5. Kusimama wima. Funga jiwe ku uzi, ushushe kutoka juu ya ukuta. Hiyo ndiyo filaplo ya masikini, na haidanganye. Pima nafasi kati ya uzi na ukuta juu, katikati na chini. Kwa ukuta wa metre 3, tofauti ya senti 1 ni kasoro ndogo. Ikipita senti 2, ita mtu anayejua mbele ya kuweka paa.

6. Pembe na makutano. Pahali kuta mbili zinakutana, matofali yanapaswa kuingiliana kama vidole vya mikono miwili. Kama ukuta wa katikati umebandikwa tu ku ubavu wa ule wa nje, ziko kuta mbili zinazosalimiana, si nyumba moja.

7. Linto na shenaje. Juu ya kila mulango na dirisha panapaswa linto, na kila upande iingie mu ukuta angalau senti 20. Na juu ya kuta zote, shenaje ya beto na vyuma izunguke nyumba muzima bila kukatika, kama mukaba. Shenaje inayokatika pembeni ni mukaba usiofungwa.

Matofali yenyewe

Mara ingine masoni hana kosa. Tofali lenyewe lilikuwa mubaya. Butembo, Bunia, Bukavu na kwa bonde la Ruzizi tunajenga sana na matofali ya kuchoma. Mu tanuru moja, yale ya karibu na moto yanaiva, yale ya inje yanabaki nusu mabichi, lakini yote yanauzwa kwa bei moja.

Gonganisha matofali mawili. Yakilia kama chuma, yameiva. Yakilia kama ubao uliooza, hapana. Kwaruza na ukucha: alama isibaki. Lalisha moja mu maji usiku na muchana. Likilegea ao likianza kuyeyuka, usiliweke ku ukuta unaobeba paa, zaidi chini karibu na musingi.

Tena kuna kosa moja dogo linaloua kuta nyingi: kujenga na tofali kavu. Tofali la kuchoma likiwa kavu linakunywa maji ya motie, na simenti inabaki na kiu. Bila maji, simenti haikomae, inakuwa vumbi. Matofali ya kuchoma yanapaswa kulala mu maji mbele ya kujengwa, mpaka mapovu yaishe kutoka. Kwa bloki za simenti, kama zile za Goma, inatosha kuzinyunyizia kidogo tu.

Kusoma ufa

Si kila ufa ni msiba. Lazima kujua kuusoma.

Ufa mwembamba kama nywele, unaotembea ovyo juu ya krepi kama ramani, mara nyingi ni krepi yenyewe iliyokauka haraka ku jua. Hauangushe nyumba.

Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, unakuambia kwamba upande mmoja wa nyumba unashuka. Shida iko chini, ku musingi ao ku udongo, ao ku maji yanayopita pale.

Ufa unaotoka ku pembe ya dirisha ao mulango na kupanda kwa upande, unakuambia linto ni fupi, ni zaifu, ao haiko.

Ufa unaosimama wima ku pembe ya nyumba, unakuambia kuta mbili hazikufungana.

Ufa wa kulala, na ukuta umevimba tumbo, ndio wa kuogopa zaidi. Ondoa watoto mu chumba kile, ita mtu wa ujenzi siku hiyohiyo.

Kwa kujua kama ufa ungali unatembea, paka kipande kidogo cha plasta ao cha simenti tupu juu yake, kwa kukatiza ufa, na uandike tarehe. Weka tena alama ya kalamu pale ufa unaishia. Angalia kila wiki, zaidi kiisha mvua kubwa. Kipande kikipasuka, nyumba inatembea bado. Hapo usizibe kitu: kuziba ufa unaotembea ni kutupa simenti. Kikibaki muzima kwa muda wa mvua na wa jua, unaweza kutengenesha.

Nini inatengenezwa, nini inabomolewa

Viungo zaifu ao vitupu, lakini ukuta uko wima na matofali ni mazuri: inatengenezwa. Toa motie mubaya na patasi ndogo, uingie senti 2 hadi 2 na nusu. Ondoa vumbi na burushi, lowanisha na maji, kiisha ingiza motie mpya kwa kuisukuma sana, si kwa kuipaka juu. Fanya sehemu ndogo ndogo, usifungue ukuta muzima siku moja. Usiweke motie yenye simenti nyingi kupita kiasi kwa kufikiri ni dawa ya nguvu: ikikuwa ngumu kuliko tofali, ni tofali litapasuka.

Matofali machache yaliyopasuka ao mabichi: inatengenezwa. Yatolewe moja moja, mapya yaingizwe, kila upande ujae motie.

Weupe kama unga ao chumvi juu ya matofali: hiyo ni chumvi inayotoka na maji wakati ukuta unakauka. Fagia na burushi kavu. Usioshe na maji mengi, utairudisha ndani. Ikirudi kila mwezi, tafuta maji yanatoka wapi: paa, mufereji, ao udongo ulioegemea ukuta.

Kuta zisizofungana ku pembe: inawezekana kutengenesha, lakini ni kazi ya fundi mkubwa. Matofali yanatolewa mstari kwa mstari, ukuta ukiwa umeegemezwa na miti, na yanarudishwa kwa kuingiliana.

Ukuta ulioinama kupita kiasi, uliovimba, ao wenye motie inayomwangika pahali pote: bomoa mpaka ku mstari ulio mzuri. Tunajua neno hili linauma. Lakini mbele ya paa, kubomoa ukuta mmoja ni kazi ya siku chache, na matofali mengi yanatumika tena. Kiisha paa, ni kujenga nyumba mara ya pili. Usibomoe ukuta unaobeba paa bila kuegemeza kwanza, na usiache mtoto acheze pale.

Kuongea na fundi

Mara nyingi fundi si mgeni. Ni shemeki, ni mtu wa kanisa moja, ni jirani wa kartie. Watu wanaogopa kumwambia, wanakrepi, wananyamaza, halafu kiisha miaka miwili udugu unakufa pamoja na ukuta. Afazali kusema mapema na kwa heshima.

Usianze na matusi mbele ya wasaidizi wake. Muite pembeni: "Papa fundi, ninaheshimu kazi yako. Lakini njoo tuangalie pamoja hii pembe. Tushushe uzi, uniambie unaona nini." Acha uzi useme. Mtu anaweza kubisha na wewe, hawezi kubisha na jiwe linalokaa wima.

Na wewe pia ujiulize. Nani alileta mfuko mmoja wa simenti pahali pa miwili? Nani alisema "maliza siku tatu, paa inafika"? Nani alikawisha malipo, mpaka fundi akatuma aide-maçon peke yake? Kosa la ukuta mara nyingi liko na wazazi wawili. Kama ni simenti yako ilipungua, haiko haki kumudai fundi arudie kazi bure. Kama ni yeye aliharakisha ao aliuza mifuko, arudie kwa nguvu yake. Mukubaliane nani analeta vifaa, nani anatoa kazi, na siku ngapi.

Mukikubaliana, muandike. Karatasi moja, tarehe, sahihi mbili, mushahidi mmoja kwa kila upande. Piga picha za ukuta mbele na nyuma ya kutengenesha. Mpaka pale, usilipe sehemu ya mwisho, lakini mwambie wazi kwamba feza iko na itatoka kazi ikikubaliwa. Kunyima mtu malipo yote, hata ya kuta alizojenga vizuri, hakuleti haki.

Fundi akikataa, ita masoni mwingine ao mtu aliyesoma ujenzi, asiyekuwa na faida ku upande wowote, aangalie na aandike anachoona. Nenda kwa wazee na kwa shefu wa kartie: mambo mengi yanamalizika pale. Ikishindikana, iko tribinali ya amani.

Sheria inasema nini? Kitabu cha tatu cha kanuni ya raia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kingali kinatumika. Artikle 33 inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Artikle 258 inasema anayemuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, anapaswa kuitengenesha. Lakini soma tena artikle 262: mwenye jengo ndiye anajibu kwa hasara inayoletwa na jengo lake likianguka kwa kukosa kutunzwa ao kwa kasoro ya ujenzi. Maana yake, ukuta wako ukianguka mu parseli ya jirani, jirani hatamtafuta masoni. Atakutafuta wewe. Kusema "ni fundi alijenga vibaya" hakutamutosha.

Ukiwa mpangaji mu nyumba mpya na unaona ufa wa ngazi ao ukuta umevimba, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi na picha, ubaki na kopi. Vitanda visikae chini ya ukuta ule.

Kwa ule anayeanza kesho

Mambo machache yanaepusha shida hii yote.

Tafuta fundi kwa kuangalia kazi yake ya zamani, si kwa bei tu. Uliza nyumba aliyojenga mvua tatu zilizopita, uende uitazame. Wako wamasoni waliofundishwa INPP ao kwa mafundi wazuri wa zamani, na kazi yao inaonekana.

Lipa kwa vipande: musingi, kuta mpaka ku madirisha, linto na shenaje, paa. Kila kipande kiangaliwe mbele ya kulipwa. Andika ku karatasi kwamba krepi haitaanza mpaka kuta zikubaliwe.

Hesabu motie. Kwa mfuko wa simenti wa kilo 50, brueti 3 za mchanga za litre 60 ni kipimo kizuri kwa kuta za nyumba. Ukiona brueti 6 kwa mfuko mmoja, unajenga na mchanga. Mchanga nao uwe safi: tia kidogo mu chupa na maji, tikisa, acha itulie. Udongo unaobaki juu ukipita sehemu moja kwa kumi, oshea mchanga ao badilisha.

Motie iliyotiwa maji itumike mu saa moja ao mbili. Ile iliyoanza kukauka, usikubali irudishiwe maji na kukorogwa tena.

Ukuta usipande zaidi ya metre 1 na nusu kwa siku. Motie ya chini inahitaji muda wa kushika mbele ya kubeba. Kiisha, ukuta unyweshwe maji kila siku kwa wiki moja, na ufunikwe kama jua ni kali. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba na watoto wake, haiombe dola.

Na zaidi ya yote, pita kwa shantie kila siku, hata dakika kumi, na uzi wako mfukoni. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona mtu anayejua thamani ya kazi yake. Na yule atakayekuambia "tutakrepi tu", utamujibu kwa upole: "Ndiyo, Papa, tutakrepi. Lakini kwanza tuangalie."